Likizo ya Uvuvi Ipangwe kwa Kipimo cha Mtoto

Si siri kwamba wazazi wengi wa mjini wamechoka kuwapeleka watoto kutazama twiga. Twiga wameshawaona, tena mara tatu. Sasa wanataka kuvua samaki. Shule zikifungwa tu, utayaona magari yakivuka daraja la Mbita kuingia kisiwa cha Rusinga, viti vya nyuma vimejaa watoto, fimbo za kuvulia zimefungwa juu. Wengine huacha gari Mbita na kupanda boti hadi Mfangano. Mimi ni mzaliwa wa ufuo huo wa Ziwa Victoria, baba yangu mdogo ni mvuvi, na nina maoni ambayo nitayatoa bila kuzunguka mbuyu: wazazi hawa hupanga safari kwa ajili ya mbuta, kisha wakaiita likizo ya watoto.

Mbuta mwenyewe ni mgeni ziwani. Aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kupita kiasi miaka ya 1980, akawala fulu wetu wadogo mpaka aina nyingi zikapotea. Anaweza kupita kilo 100. Basi baba wa watu akisikia habari ya kilo 100, akili inamruka! Anaikodi boti siku nzima kabla hata ya kuuliza watoto watalala wapi.

Lakini mbuta huyo huvuliwaje na wageni wa loji? Boti huenda polepole, injini inanguruma, nyuma inakokota samaki bandia wa mbao au plastiki, na abiria wanangoja. Wanangoja saa moja, saa mbili, hata saa nne. Mtu mzima anaweza kuongea siasa huku akingoja. Mtoto wa miaka saba je? Saa ya kwanza anauliza maswali. Saa ya pili anaomba biskuti. Saa ya tatu anataka kwenda msalani, na msala uko wapi katikati ya ziwa? Na mbuta akikubali hatimaye, anayeishika fimbo ni baba, maana samaki wa namna hiyo anaweza kumvuta mtoto mpaka majini. Mtoto kazi yake ni kupiga picha. Hiyo ni likizo ya nani, jamani?

Ninavyoona mimi, mzazi angeanza na fulu na ngege. Asubuhi watoto wachimbe nyungunyungu wenyewe, na kazi hiyo peke yake ni nusu ya raha. Kisha kila mmoja apewe mwanzi, mshipi wa mita tatu hivi, ndoano ndogo, na kiboya kilichokatwa kwenye ndala iliyochakaa. Wakae kwenye gati la loji au juu ya mwamba, mtu mzima kando yao. Fulu haringi kama mbuta. Huja, huonja, kiboya hutetemeka, na mtoto hupiga kelele utadhani amenasa nyangumi. Saa moja na nusu inatosha. Wakichoka, mwanzi uwekwe chini bila kuwaambia ati pesa zinapotea.

Ule mwiba mdogo ulio nyuma ya ncha ya ndoano ubanwe kwa koleo hadi ulale. Ndoano iliyobanwa hivyo hutoka kwa urahisi mdomoni mwa samaki, na hutoka kwa urahisi pia kidoleni mwa mtoto. Ngege ambaye hajafika sentimita 25, au mbuta ambaye hajafika 50, arudishwe ziwani. Mpe mtoto rula, aifanye kazi hiyo mwenyewe. Nimewaona watoto wakiwa wakali kuliko maafisa wa uvuvi!

Sasa nifike kwenye jambo linalonikasirisha. Likizo ya Agosti iliyopita niliona familia moja ikipakiwa kwenye boti ya wageni. Msichana mdogo alivishwa jaketi la kuokoa maisha la mtu mzima. Lilimfika magotini, na alipoinua mikono likapanda hadi masikioni. Mtu akianguka majini na jaketi kama lile, jaketi huelea peke yake na mvaaji huchomoka kwa chini. Mwenye boti alicheka, mama akacheka, picha zikapigwa, wakaenda. Walirudi salama, namshukuru Mungu, lakini sisi tuliolelewa ziwani tumehudhuria mazishi ya kutosha. Jaketi la mtoto huchaguliwa kwa uzito wake, na la wadogo huwa na mkanda unaopita katikati ya miguu ili lisipande. Kwa hiyo mzazi akipiga simu loji, swali la kwanza lisiwe bei wala chakula. Aulize: "Mna majaketi ya mtoto wa kilo 20?" Wakianza kujikuna kichwa, atafute loji nyingine au aazime majaketi huko Nairobi aende nayo.

Swali la pili liwe la majira. Baba mdogo angefurahi wageni waje Aprili, kwa sababu uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, na pesa za kuwaongoza wageni zingemfaa sana. Namhurumia. Hata hivyo Aprili ni mwezi wa masika, na dhoruba za ziwani hazibishi hodi. Mimi nachagua Agosti. Tena ikiwa ni lazima mtoto apande boti, apande asubuhi. Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo huvuma kutoka ziwani na mawimbi huamka, na hapo hata mvuvi mzoefu huanza kutazama nyumbani.

Agosti ina zawadi nyingine. Omena wamefunguliwa, na usiku wa giza wavuvi huwavuta kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Ukikaa barazani utaona ziwa limegeuka mji mzima wa taa. Mtoto aonyeshwe hayo, aelezwe kwamba chini ya kila taa kuna watu ambao hawatalala mpaka kupambazuke, na kwamba omena wa sahani yake alitoka huko. Darasa hilo halitozwi senti.

Wenzangu wa bwenini wananicheka. "Kwetu kuvua ni kazi, nani alipe pesa akavue?" Swali ni zuri. Ni kweli loji ni ghali, ingawa nyingi zina bei ya wakazi wa Kenya iliyo chini ya bei ya watalii, na watoto hupunguziwa, ukiuliza. (Usipouliza, nani atakwambia?) Lakini hasira yangu haiko kwa anayelipa. Iko kwa anayelipa pesa zote hizo halafu asimwulize mwanawe hata siku moja, "Wewe ungependa kufanya nini huko?" Wiki mbili kabla ya safari, mezani pa chakula cha jioni, swali hilo lingeulizwa. Pengine mtoto angesema hataki boti hata kidogo, anataka kuogelea. Sawa, aogelee kwenye bwawa la loji. Kwenye matete ya ukingoni asiingie, kwa sababu huko kuna konokono wanaobeba kichocho, na jioni viboko hutoka kula majani.

Walimu wetu wapendwa, najua baadhi yenu mna watoto wadogo na mna hamu ya kuja kwetu. Karibuni sana, na njooni na fimbo (ya kuvulia, sio ile nyingine). Kabla ya kulipa, ulizeni pia kama mpishi wa loji atakubali kumkaanga ngege aliyevuliwa na mtoto, hata akiwa mmoja tu, na kumleta mezani akiwa mzima na kichwa chake. Wapo wapishi wanaokataa, wakisema menyu ya siku imeshapangwa. Huko msiende.