Injini Nayo Yahitaji Pumzi

Tangu tarehe 19 Juni, 2025, Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa rasmi kati ya Kigongo na Busisi, mwendesha pikipiki atokaye Mwanza kwenda Sengerema na Geita halazimiki tena kusimama majini. Ghuba ile ya Ziwa Victoria, ambayo zamani watu waliivuka kwa pantoni baada ya kungoja saa nzima na pengine zaidi, sasa huvukwa kwa dakika chache juu ya daraja la kilometa 3. Furaha ya wananchi wa Sengerema haihitaji maelezo. (Waliokuwa wakiuza vyakula kivukoni wana haki ya kununa, hasara yao ni ya kweli, na yastahili makala yake.)

Lakini pantoni ilifanya kazi moja ambayo hakuna aliyeishukuru: iliipumzisha injini. Mtu alizima pikipiki yake Kigongo, akakaa, na chuma kikapoa. Leo kutoka Mwanza hata Geita ni zaidi ya kilometa 100 za lami, na kijana aweza kuvuta mafuta mpaka mwisho tangu Usagara asilegeze mkono mpaka azione nyumba za Geita. Hatuna budi kusema wazi kwamba pikipiki hizi hazikuundwa kwa kazi ya namna hiyo.

Pikipiki zilizo nyingi katika barabara hiyo ni za silinda moja, zenye ujazo wa sentimeta 100 hata 150, nazo hupozwa kwa upepo tu. Nyingi hutoa nguvu zao zote zizungukapo kiasi cha mara 7,500 kwa dakika. Maana yake ni kwamba pistoni hupanda na kushuka mara 125 katika kila sekunde moja, na kila ifikapo juu husimama na kugeuka, ikifika chini ikasimama na kugeuka tena. Mzigo unaouvuta mkono wa pistoni haukui kwa kiasi kile kile cha mizunguko. Ukitoka mizunguko 5,000 ukafika 7,500 umeongeza mwendo kwa nusu tu, lakini mvuto umezidi mara mbili na robo. Hapo oili hushika moto mwingi ikawa nyepesi, na oili yenyewe ni kiasi cha lita moja, nayo ndiyo inayotumikia pistoni, gia na klachi pamoja. Kulipita lori kwa nguvu zote kwa muda mfupi si dhambi. Injini iliundwa iliweze jambo hilo. Kukaa huko saa nzima ndiko kunakoua.

Kwa hiyo twasema kwamba mwendo wa kushika safari nzima na uwe kama theluthi mbili ya ule wa mwisho. Wengi watauliza watajuaje, maana pikipiki zao hazina saa ya kuonyesha mizunguko. Jibu ni jepesi. Katika gia ya mwisho mizunguko ya injini hufuatana na mwendo wa gurudumu bila kuachana. Basi pikipiki ambayo ikivutwa yote katika tambarare hufika kilometa 90 kwa saa, mwendo wake wa safari ni 60. Atakayekwenda 80 katika kilometa 100 atamtangulia mwenzake kwa dakika 25, wala haizidi. Lakini ili kuushinda upepo injini yake itatakiwa kutoa nguvu mara mbili na zaidi. Tena akiwa na abiria, au gunia la dagaa nyuma, hata 60 yaweza kuwa nyingi.

Wako pia wakosao kwa upande wa pili, wapandao kilima katika gia ya mwisho huku injini ikigongagonga, wakidhani wanaihurumia. Hao nao huiumiza. Na washushe gia moja.

Hatuyasemi haya kwa kukipenda chuma. Vijana wengi huendesha pikipiki za mkataba, wakimlipa mwenye mali kila wiki mpaka ziwe zao. Injini ikinoki kabla ya mkataba kwisha, mwenye mali hudai hesabu yake ile ile, fundi naye hudai yake, na kijana hubaki na deni. Ikikamata ghafula katika mwendo wa 90, gurudumu la nyuma hujifunga, na nyuma yake huenda liko basi.

Lakini lawama zote zisimwangukie kijana. Mwenye mali apangaye hesabu isiyopatikana ila kwa kukimbia ndiye avutaye mafuta, ingawa mkono si wake. Twawataka wenye pikipiki wa Sengerema waandike katika mikataba yao oili itabadilishwa baada ya kilometa ngapi na nani atailipia, na siku pikipiki iwapo kwa fundi hesabu isidaiwe.