JINA LA DAWA ILIYO CHUPANI NI HAKI YETU



Tukitaja usalama kazini, wengi hufikiri magurudumu, nyaya za umeme na vyuma vizito. Ni kweli, sisi wa reli twaviona kila siku. Lakini iko hatari nyingine isiyopiga kelele, nayo ni dawa za chupa na mapipa. Leo twataka kusema juu ya moja tu, iitwayo kaboni-disalfaidi, ili ndugu zetu wa maabara, viwandani na stoo waijue.

Dawa hii ni ya majimaji, imefanywa kwa kaboni na salfa. Kiwandani hutumika kutengeneza nyuzi za rayoni. Katika maabara huyeyusha vitu vingi. Hata hewa ya kazini ikipimwa kwa kunaswa katika makaa, mara nyingi makaa yale huoshwa kwa dawa hii ili mvuke ulionaswa utoke na kuhesabiwa. Basi dawa inayosaidia kumlinda mfanya kazi mmoja yaweza kumdhuru mwenzake anayeosha vyombo.

Huchemka kwa digrii 46 za sentigredi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara mbili, kwa hiyo hutambaa sakafuni. Ukifika kiasi cha digrii 90 hadi 100 waweza kuwaka wenyewe. Wazee wetu walioendesha injini za stimu wataelewa: bomba la stimu latosha kuuwasha, bila kiberiti wala cheche.

Lakini moto huonekana. Ubaya mkubwa ni ule usioonekana. Pua huzoea harufu yake, na ngozi nayo huipitisha mwilini. Mtu akiivuta siku nyingi, mishipa ya fahamu huharibika, miguu hufa ganzi, ndoto mbaya humjia, hasira humzidi, na moyo huugua. Mwaka 1856 huko Paris, daktari Auguste Delpech aliandika habari za wafanya kazi wa mpira waliougua hivyo. Miaka ya 1930 daktari Alice Hamilton aliona mambo hayo hayo kwa wafanya kazi wa rayoni huko Marekani. Mwaka 1968 madaktari wa Uingereza wakaonyesha kwamba watu wa rayoni walikufa kwa ugonjwa wa moyo kuliko wenzao. Toka 1856 hata 1968 ni miaka 112, na habari ni ile ile.

Haikuishia hapo. Korea ya Kusini kilikuwako kiwanda cha Wonjin, kilichonunua mitambo iliyokwisha kutumika Japani. Mamia ya wafanya kazi waliumizwa na sumu hii. Wao na jamaa zao walisimama kudai haki, na kiwanda kikafungwa mwaka 1993. Mitambo ikauzwa China. Mwaona, ndugu? Mitambo mikuukuu huhama, na hatari huhama nayo, ikienda kwa wasioijua.

Wako wasemao kwamba mfanya kazi akijua mengi ataogopa kazi. Sisi hatukubali. Dereva wa treni akiambiwa mahali njia ilipo mbovu, haachi kazi, hupunguza mwendo. Na asiyejua jina la dawa atamwambia daktari nini? Mikono ikitetemeka ataitwa mlevi, akili ikichafuka ataitwa mwenye wazimu, na fidia ataikosa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kamati isiwe ya kunywa chai. Katika mkutano wake wa kwanza iulize mambo matatu. Je, kila chupa na pipa lina jina na onyo kwa lugha tunayoisoma? Je, mfagiaji na mchukuzi nao wameambiwa, au ni wakubwa tu? Je, haipo dawa nyingine isiyo kali ifanyayo kazi ile ile?

Mshahara tutaendelea kuudai. Lakini mshahara ukiongezwa leo, na mishipa ikifa kesho, tumepata faida gani? Ulizeni majina, ndugu. Kuuliza si uasi.