Glock au Ceska? Swali la mnunuzi wa machungwa wa Maramba

Wadau, wiki mbili zilizopita kanipigia jamaa yangu mmoja wa Maramba. Jina lake naliacha, maana alinipigia mimi, hakuipigia blogu. Ni mnunuzi wa machungwa. Msimu ukifika anachukua fedha benki Tanga mjini, anakata njia panda ya Mabokweni, anapanda zake Maramba kuwalipa wakulima, na mzigo unavuka Horohoro kwenda Kenya. Hakuzunguka mbuyu: "Kaka, wewe mtu wa kusomasoma, hebu niambie. Nichukue Glock au nichukue Ceska?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kumbe ameshaanza kufuatilia kibali, ameshapita kijijini na kata, faili liko wilayani. Msimu uliopita pikipiki mbili zilimfuata kutoka mjini mpaka karibu na mashamba ya mkonge, zikageuza. Huenda walikuwa wapita njia tu. Lakini mtu mwenye noti kifuani akifuatwa hawezi kuwafikiria hivyo.

Basi nimesoma, nimeuliza wanaojua, na jibu langu naliweka hapa hadharani kwa sababu najua yeye si peke yake.

Tuanze na vyuma vyenyewe. Glock 19 ya Austria ilitoka 1988, ni mdogo wake Glock 17 ambayo jeshi la Austria liliichukua mwanzoni mwa miaka ya 80. Fremu yake ni plastiki ngumu, uzito kama gramu 600 bila magazini, inabeba risasi 15. Ceska ndiyo CZ 75, ya 1975, ilitoka iliyokuwa Czechoslovakia. Jina hilo la Ceska limetufikia kupitia Kenya, maana ukisoma magazeti ya kule, bastola ni Ceska kila kukicha, ya polisi na ya jambazi vilevile. Ile ya asili ni chuma kitupu, inakaribia kilo moja, inabeba risasi 15 au 16. Zote zinakula risasi ileile ya milimita 9. Kwa hiyo anayekwambia hii inapiga kali kuliko ile, mwambie anywe maji.

Tofauti kubwa iko kwenye kidole. Glock haina sefti ya kusukuma kwa dole gumba. Sefti zake zimejengwa ndani, na ya kwanza iko kwenye triga yenyewe: ukivuta, inapiga. Ukiiacha bila kuigusa, hata ikidondoka, imeundwa isipige. Sasa fikiria jamaa yangu na tabia yake ya kutia kila kitu kwenye kibegi kimoja, funguo, chaja, kitabu cha risiti, kalamu. Funguo ikiingia kwenye triga, ndiyo hivyo tena. Glock inataka ala yake ngumu inayofunika triga yote. Bila hiyo ni afadhali asiibebe kabisa.

Ceska ina nyundo inayoonekana nyuma, na sefti upande wa kushoto. Ukiibeba nyundo ikiwa imelala, mvuto wa kwanza wa triga ni mrefu na mzito, unaofuata ni mwepesi. Watu wengi huiona salama zaidi kwa sababu hiyo, na mimi mwanzo niliamini hivyo. Kumbe kuna mtego. Ile ya kawaida haina kitufe cha kushusha nyundo. Ukishakoki na risasi imeingia chemba, ukitaka kuilaza inabidi uishike kwa dole gumba huku unavuta triga kwa kidole kingine, polepole. Mikono ina jasho, joto la Tanga la mwezi wa pili unalijua... dole gumba likiteleza, ukuta wa jirani unapata dirisha. Ipo aina iitwayo BD yenye kitenzo cha kushusha nyundo bila kugusa triga. Anayeng'ang'ania Ceska, atafute hiyo.

Halafu kuna hali yetu ya hewa. Chumvi ya bahari, unyevu, jasho la kiunoni. Chuma cha Ceska kikikosa mafuta na rangi ikikwanguka, kinaanza kutu kama panga lililosahauliwa shambani. Glock inavumilia zaidi. Tena kilo moja kiunoni kutwa nzima chini ya shati la mikono mifupi ni mzigo, na Ijumaa ukivaa kanzu kila mtu msikitini atajua una nini.

Kwa hiyo kama ni chuma kwa chuma, ningemwambia Glock, na ala ngumu, na mafunzo. Nimemwambia hivyo. Lakini nikamuuliza maswali mengine, na hapo simu ikawa ndefu.

La kwanza: utakuwa umekaa wapi yakitokea? Akasema, nyuma ya bodaboda. Haya. Mkono mmoja umeshika kiti, kibegi kifuani, njia ina makorongo. Akiibeba bila risasi chemba, ambayo ndiyo salama kwa mtu mpya, anahitaji mikono miwili kukoki. Akiibeba na risasi chemba, anarukaruka na kitu cha hatari kiunoni njia nzima. Hilo si la Glock wala la Ceska, ni la bodaboda.

La pili: wao watakuwa na nini? Tanga hii tunajua. Januari 2015 askari polisi waliporwa bunduki zao hapahapa mjini, na Februari yake tukasikia mapambano ya mapango ya Amboni, ambako mwanajeshi wetu alipoteza maisha. Wale walikuwa askari, wamefunzwa, wako wawili, na bado silaha ikachukuliwa. Dar, Agosti 2021, yule mtu wa Daraja la Salenda alianza na bastola akamaliza na bunduki za askari aliowaua. Na 2013 wilayani Hai, mfanyabiashara wa tanzanite Erasto Msuya aliuawa kwa SMG. Mbele ya SMG, swali la risasi 15 au 16 linakuwa la kitoto. Na wengine wanaitaka hiyo bastola yako kuliko hata fedha.

La tatu ni sheria, na hapa jamaa alikuwa hajui mengi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inataka cheti cha umahiri, siyo barua ya mtendaji tu. Lazima uonyeshe unaijua silaha. Lazima uwe na mahali pa kuifungia nyumbani, na sefu la kuazima siku ya ukaguzi halisaidii, maana ikiibiwa kwa uzembe wako kesi ni yako. Kibali cha Tanzania kinaishia mpakani. Yeye huvuka Lungalunga kila msimu kudai fedha zake: akisahau nayo kiunoni, mbele ya polisi wa Kenya ni mtu aliyeingiza silaha nchini kwao.

Na kujihami nako kuna mpaka. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na vijifungu vyake, inakupa haki ya kujitetea wewe, mwenzako na mali, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Pikipiki mbili zilizomfuata zikageuza: kama angekuwa na Glock siku ile, angefanya nini? Akanyamaza. Nikamkumbusha Novemba 2006, Ditopile Mzuzuri, Mkuu wa Mkoa wa Tabora wakati huo, aliyeshtakiwa kumuua kwa risasi dereva wa daladala katika ugomvi wa barabarani Dar. Alifariki 2008 kesi haijafika mwisho. Mtu mzima, kiongozi. Barabarani pale hapakuwa na jambazi.

Jamaa akaniuliza: sasa nifanye nini, niibiwe? Swali la haki kabisa. Nikamuuliza kwa nini asilipe kwa simu. Akasema wakulima hawataki. Tozo za miamala zilipoingia Julai 2021 walirudi kwenye noti, na hata baada ya kelele kupungua, mzee wa Daluni anataka aone fedha mkononi ndipo machungwa yapande gari. Anamwelewa, mimi pia namwelewa. Lakini hawakatai wote. Akiweza kulipa nusu kwa simu, akabadilisha siku na saa za kwenda benki, akaacha bodaboda akapanda gari na wanunuzi wenzake, kibegi kinapungua uzito. Akasema wenzake hawaaminiki. Hapo sikuwa na jibu.

Jana kanitumia ujumbe: faili limetoka wilayani, linakwenda mkoani. Bado anataka Glock. Kaongeza kwamba ameshapata ala ngumu, na kwamba msimu huu wakulima kumi na moja wamekubali kulipwa kwa simu.

Wadau wa Muheza, Mkinga na Korogwe mnaobeba fedha za mazao, mnafanyaje? Uwanja ni wenu, matusi hapana.