Methali Iliyogeuzwa Pingu

Iko methali moja ambayo baadhi ya wazee wa ushairi, visiwani na Mrima, huitoa kama askari atoavyo pingu: mwacha asili ni mtumwa. Kijana akiacha uvuvi akashika kazi ya hesabu, hufungwa nayo. Mwanamke akitoka katika ndoa iliyomkausha akafungua duka lake, hufungwa nayo. Malenga akithubutu kutunga shairi lisilo na vina, hufungwa mikono yote miwili. Hoja yao ni mbovu, na ubovu umo katika neno lile lile wanalolitegemea. Asili, katika Kiarabu lilikotoka, ni mzizi. Methali inakataza kung'oa mzizi. Juu ya shina na matawi haikusema kitu.

Mwenye shaka na aende Ruanda, wilayani Mbozi katika mkoa wa Songwe, mbali kabisa na harufu ya karafuu. Mbozi ni nchi ya kahawa. Mbuni ukizeeka, mazao yake hupungua mwaka hata mwaka. Mkulima hauombolezi wala hauabudu. Huchukua msumeno akalikata shina, kikabaki kisiki cha futi moja hivi juu ya ardhi. Machipukizi yakitoka, huchagua mawili au matatu yenye nguvu, mengine akayaondoa. Mzizi ni ule ule wa tangu zamani.

Wala si kazi nyepesi, kama wadaivyo wahubiri wa mabadiliko katika semina zao (na hao nao wana makosa yao). Kisiki hakizai msimu unaofuata, na ada ya shule haingoji machipukizi. Ndiyo maana mwenye busara hukata sehemu tu ya shamba, nyingine akaiacha imlishe. Badiliko lina gharama, na anayeilipa hastahili kusimangwa na mtu aliyekaa barazani akinywa kahawa hiyo hiyo.

Ajabu ni kuwa wenye methali yao wamezungukwa na watu walioacha. Mathias Mnyampala, ambaye hutajwa kama mlinzi wa kanuni za kale, alikuwa Mgogo wa bara aliyeingia katika bahari za mashairi ya pwani. Na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ndiye aliyezieneza ngonjera, mtindo ambao babu zake malenga hawakuufahamu. Hakuna aliyemwita msaliti.

Zaidi ya huyo yuko Siti binti Saad, ambaye hakuna baraza Unguja lisilomtukuza. Alizaliwa Fumba katika ukoo wa watu duni, akafinyanga vyungu na kuviuza. Kisha akauacha udongo, akaliacha shamba, akaingia mjini akajifunza kuimba. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Lau angaliisikiliza methali kama inavyofasiriwa leo, Fumba ingalipata mfinyanzi mmoja zaidi, basi.

Wanaoitumia methali hiyo dhidi ya vijana wangefaa kukumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Siti ni jina la mjini, la heshima, alilolipata ukubwani. Kule Fumba, kabla hajaacha kitu chochote, aliitwa Mtumwa.