Ekseli Ikikatwa, Mshahara wa Fundi Usikatwe



Kuna kazi ambayo huletwa mara kwa mara katika karakana zetu hapa Katwe na kwingineko mjini Kampala, nayo ni kufupisha ekseli ya nyuma. Mwenye gari la milimani na matopeni huona ekseli yake ni nyonge. Hununua nyingine iliyotumika, iliyotoka katika gari kubwa zaidi. Akiipima, ni pana. Magurudumu yatatokeza nje ya madigadi. Basi huja kwa mwenye karakana na kusema: "Kata, unga, nataka gari langu Ijumaa." Mwenye karakana hupokea fedha, kisha hutugeukia sisi.

Sisi hatuikatai kazi hiyo. Ikifanywa vizuri, gari hutembea miaka mingi. Tunalokataa ni kufanyishwa kazi ya utaalamu kwa vifaa vya kubahatisha, halafu lawama zote zikawa zetu.

Tueleze kwa faida ya wasioijua. Ekseli ina sehemu mbili za kufupishwa. Ya kwanza ni nyumba yake, yaani lile bomba la chuma lililoshika difu katikati na beringi za magurudumu mwishoni. Ya pili ni shafti zilizomo ndani. Nyumba hukatwa na kuchomelewa. Lakini chuma kikipata moto hutanuka, na kikipoa hujivuta. Ukichoma upande mmoja mfululizo, bomba litapinda kufuata upande huo. Kwa gurudumu lenye kimo cha sentimita 75, kupinda kwa digrii moja tu huleta tofauti ya zaidi ya sentimita moja kati ya juu na chini yake. Hapo tairi italika upande, sili itavuja, na beringi haitadumu.

Kwa hiyo fundi anahitaji fimbo nene ya chuma iliyokerezwa ikanyooka. Fimbo hiyo hupitishwa katika visahani vilivyowekwa mahali pa beringi, ikashika kila kitu katika mstari mmoja wakati wa kuchomelea. Fundi huchoma vipande vifupi vifupi, akibadili pande, akingoja kipoe. Kazi ya namna hiyo haiishi Ijumaa kwa amri ya mtu.

Shafti ni jambo jingine. Hicho ni chuma kilichotiwa ugumu kiwandani. Haifai kukikata katikati na kukiunga, maana moto huharibu ule ugumu kandokando ya kiungo. Njia ya haki ni kutafuta shafti ya urefu unaotakiwa, au kuifupisha kwa mashine na kuichonga meno mapya. Katika gari kama Toyota Hilux, shafti haizungushi gurudumu tu, imebeba na uzito wa gari. Ikikatika, gurudumu linaweza kuchomoka pamoja nayo. Abiria waliomo ndani hawakuulizwa kama wanataka bei nafuu.

Tunamjua mwenzetu mmoja aliyeomba ile fimbo ya kunyooshea. Akajibiwa: "Wewe ni fundi, tumia jicho." Akaomba shafti ya urefu unaofaa. Akaambiwa aiunge ile ya zamani na kuivika kipande cha bomba. Akaunga. Mwezi haukwisha, gari likarudi limevutwa kwa kamba. Mwenye karakana alimrudishia mteja fedha zake, kisha akazikata katika mshahara wa mwenzetu kwa miezi mitatu. Hapakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha nani alitoa amri.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika kazi hii, anayesikia kila neno la mkuu ndiye anayevunjika.

Tena hatari humwanza fundi kabla ya abiria. Nyumba ya ekseli huja imejaa mafuta machafu. Wengine huisafisha kwa dawa za grisi zenye klorini. Dawa hizo zikikutwa na joto na mwanga wa kuchomelea huweza kutoa fosijini, gesi ya sumu iliyotumika katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 2017 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Na bado wako wenzetu wanaochoma kwa miwani ya jua.

Haki ipo. Kifungu cha 13 cha Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kinasema kwamba mfanyakazi aliyejitoa mahali pa kazi kwa kuwa ana sababu ya kuamini kuna hatari kubwa iliyo karibu kwa uhai au afya yake, alindwe asiadhibiwe. Mwaka 2022 shirika hilo liliuweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi zinazozibana nchi wanachama zote. Lakini kifungu hicho kinamlinda fundi mwenyewe. Abiria wa kesho hakimtaji. Pengo hilo ni letu kuliziba katika mapatano na waajiri.

Tunadai mambo matatu. Kwanza, kazi yoyote ya kukata ekseli iandikwe, na anayetoa amri atie sahihi. Pili, mwajiri atoe kifaa cha kunyooshea, kofia ya uso ya kuchomelea na mahali penye hewa. Asipokuwa navyo, asiipokee kazi. Tatu, fundi anayekataa kuunga shafti asifukuzwe wala asikatwe mshahara.

Waajiri watasema wateja watakimbilia kwa mafundi wa kando ya barabara. Inawezekana. Ndiyo sababu mafundi hao nao tuwaingize chamani, badala ya kuwaacha watumiwe kutushushia bei. Tukisema hapana kwa sauti moja, mteja atakuta jibu lile lile kila mlango, na fimbo ya kunyooshea itanunuliwa.