Dawa ya ng'ombe isikisiwe kwa mbwa

WAFUGAJI wengi hulala usingizi kwa sababu mbwa yuko nje analinda kuku na ng'ombe. Hata hivyo, mlinzi huyo hukumbukwa tu siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa wa minyoo ya moyo hauzungumzwi sana, lakini nao huua.

Ugonjwa huu huenezwa na mbu. Mbu humnyonya mbwa mgonjwa, akabeba vimelea wachanga na kuwapeleka kwa mbwa mwingine. Baada ya miezi sita au saba, minyoo hukomaa katika mishipa ya mapafu na moyo, na jike huweza kufikia urefu wa sentimita 30. Mbwa hukohoa, huchoka upesi, hukonda na mwishowe tumbo hujaa maji. Dalili zikionekana, madhara huwa yamekwisha kuingia.

Kinga ipo. Mojawapo ni ivamektini, inayotolewa kila mwezi. Tatizo ni kwamba dawa hiyo pia huuzwa kwa ajili ya ng'ombe, na mfugaji anayebana matumizi hushawishika kuchota kidogo na kumpa mbwa. Hesabu inakataa. Kwa kinga hii, mbwa wa kilo 20 anahitaji miligramu 0.12 tu. Mililita moja ya dawa ya sindano ya ng'ombe, ile ya asilimia moja, ina miligramu 10, yaani zaidi ya mara 80. Dozi kubwa huweza kuleta kutetemeka, upofu na hata kifo, hasa kwa mbwa wa aina ya Collie na chotara wao. Mbwa mwenye vimelea tayari anaweza kupata mshtuko vinapokufa kwa wingi.

Kwa hiyo mbwa apimwe damu kwanza, na dozi ipangwe na daktari wa mifugo. Kutibu ni kugumu zaidi: antibiotiki kwa wiki nne, sindano tatu za melasomini, na miezi ya kutulia bila kukimbia, kwani minyoo iliyokufa huweza kuziba mishipa ya mapafu. Miezi hiyo boma halina mlinzi.

Wauza dawa za mifugo nao waulize dawa ni ya mnyama gani, na wasimwuzie mtu dawa ya ng'ombe kwa ajili ya mbwa. Maofisa mifugo watumie siku za chanjo ya kichaa, mbwa wanapokusanyika, kutoa elimu hii. Anayelinda mali ya mfugaji naye ni mali.