Kabla ya kupunguza uzito, pitia dawa zako za kisukari

Mama mmoja mkulima wa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, aliletwa kwetu asubuhi kwa bodaboda, mwanawe akiwa amemshikilia kwa nyuma. Alikuwa ameloa jasho, anatetemeka na maneno yake hayaeleweki. Majirani walidhani ni malaria. Tulipompima, sukari ilikuwa 2.3. Kwa anayetumia dawa za kisukari, chini ya 4 tayari ni hatari.

Alipopata nafuu alitueleza. Kliniki aliambiwa, “Mama, punguza uzito.” Akatii. Akaacha ugali wa jioni, asubuhi akanywa maji ya ndimu, akameza vidonge vyake vya glibenklamidi kama kawaida, akachukua jembe kwenda shamba.

Mama huyu hakukosea. Tuliokosea ni sisi watoa huduma. Kumwambia mwenye kisukari apunguze uzito bila kupitia dawa zake ni kumpa nusu ya ushauri, na nusu hiyo inaweza kuua.

Glibenklamidi huisukuma kongosho itoe insulini, uwe umekula au hujala. Insulini ya sindano nayo haisubiri chakula. Dozi iliyopangwa kwa mtu anayekula milo mitatu huwa kubwa mno akila mmoja na kulima. Metformini ikitumika peke yake, ni nadra kuleta hali hiyo.

Sisemi uzito usipunguzwe. Kwa mnene mwenye kisukari aina ya pili, kupunguza hata kilo 5 kati ya 90 husaidia sukari na presha. Utafiti uliofanyika Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, uliotangazwa 2017, ulihusu watu waliougua kwa miaka isiyozidi sita. Baada ya mwaka mmoja wa kupunguza uzito, karibu nusu yao sukari ilishuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Lakini vidonge vyao vilisimamishwa na wataalamu siku ile ile walipoanza mlo mpya, kisha wakafuatiliwa kwa karibu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujapunguza tonge, nenda kliniki na dawa zako mkononi. Uliza: “Daktari, nikila kidogo, hizi nizitumieje?” Usiziache wala kuzipunguza mwenyewe.

Ukisharuhusiwa, usiruke mlo. Ugali wa muhogo uwe robo ya sahani, maharage au dagaa robo, mboga za majani nusu. Mawese yapime kwa kijiko, kwani kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120. Lenga kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, si zaidi.

Ukienda shamba, funga sukari kwenye pindo la kitenge. Ukihisi jasho, kutetemeka au njaa ya ghafla, koroga vijiko vitatu vya chai kwenye maji, unywe. Dakika 15 zikipita bila nafuu, rudia. Kisha kula chakula na ufike kituo cha afya, maana glibenklamidi inaweza kuishusha tena sukari baada ya saa kadhaa. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali.

Na ukikonda bila kujitahidi, usishangilie. Sukari iliyopanda sana hukondesha, na kifua kikuu vilevile, nacho huwapata zaidi wenye kisukari. Aliye mwembamba tayari hana cha kupunguza.

Kwa wenzangu wa zahanati na hospitali: kabla ya kutamka “punguza uzito”, fungua daftari la mgonjwa, tazama anameza nini, umuulize jana amekula nini. Ni dakika tano tu. Yule mama tulimbadilishia dawa. Amepungua kilo tatu, na bado analima.